Muulize Fundi wa Sauti: "Nyimbo zangu ni za kweli lakini wanasema hazina nguvu"

Mwezi huu nimeweka kando barua za spika zilizoungua na za kwaya zinazotafuta kinanda cha bei ya chini. Zimenijia barua tatu juu ya jambo moja, kila moja ikiingilia mlango wake: rapa anayetaka kutoa albamu ya mambo ya moyoni mwake. Ya nne ni ya ufundi na fedha, nimeijibu mbiombio. Majina nimeyaacha kwa wenyewe.

*Yaya Fundi, yambo. Nina miaka 27, nakaa Kenya. Nimetunga nyimbo 22, karibu zote juu ya papa. Mwaka 2003 alichukua "départ volontaire", akanunua minibasi. Minibasi ikafa baada ya miezi minane, na papa akaanza kunyamaza. Hakutuacha, alinyamaza tu. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Studio moja ya mjini wameniambia nyimbo hazina nguvu, eti niweke biti za kuchezesha watu. Sina kampuni nyuma yangu, nina dola 600 nilizoziweka nikiendesha wewa. Nifanyeje?* – Kijana wa Kenya

(Wasomaji wa mbali: Kenya hii ni komini, yaani sehemu ya mji, ya hapa Lubumbashi, Kongo, yenye soko lake na vumbi lake. Nairobi haimo. Huku kwetu papa ni baba, yaya ni ndugu mkubwa, wewa ni pikipiki ya abiria, na "départ volontaire" ni kuacha kazi kwa hiari ukalipwa.)

Yambo sana, mudogo wangu. Nyimbo tano ulizonitumia nimezisikiliza mara mbili, kwa spika na kwa vya masikioni. Wale wa studio wameona ugonjwa, ila dawa wamekosea. Kweli nyimbo hazina nguvu, na sababu yake ni kwamba unapiga kelele. Unamsimulia mtu aliyenyamaza karibu miaka ishirini kwa sauti ya konda anayeita abiria wa Katuba.

Ngoja nikueleze kinachotokea kwenye mikro, maana hapo ndipo kazi yako ilipo. Mikro nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na zina tabia moja: kadiri unavyozisogelea, ndivyo zinavyoongeza besi. Ukisimama mbali na kupaza sauti, unapata sauti nyembamba iliyochanganyika na mwangwi wa chumba. Ukisogea hadi vidole vinne na kuongea kama unavyoongea na mtu aliyeketi kando yako, sauti inanenepa, mate na pumzi vinasikika, na msikilizaji anahisi umemkalia begani. Geuza mdomo upande kidogo ili "p" na "b" zisipulize mikro. Soksi ya nailoni ya dada yako, ukiivuta juu ya waya uliokunjwa duara, inazuia upepo huo vizuri tu. Baadaye, kwenye programu, kata yaliyo chini ya hezi 80 hivi, ngurumo ya malori itoke. Na kipimo cha sauti kisiguse juu: vilele viishie kama desibeli 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha programu. Ukirekodi kwa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za kuchezesha), nafasi iko ya kutosha, hupotezi kitu.

Somo hili mimi nililipata kwa aibu. Studio yangu ya kwanza ilikuwa jiko la zamani katika lupango (ua wa nyumba) wa mama mkubwa, komini ya Kamalondo. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, kwa hiyo kila nilichorekodi kilikuwa na unga ndani. Siku moja alikuja dada mmoja na wimbo juu ya mtoto aliyemzika. Nikamwambia, "Ongeza nguvu, dada, ongeza." Akaongeza. Mara ya tatu, ya nne, tukawa na wimbo wa mtu aliyesimama jukwaani. Kisha umeme ukakatika. Tukakaa gizani, na yeye, ili kupitisha wakati tu, akaanza kuniambia maneno yale yale polepole, kama anayesimulia huku anakoroga bukari, ugali wetu. Kompyuta ilikuwa kwenye betri, mikro inakula umeme wa kompyuta, na mimi nilikuwa nimesahau kusimamisha. Mashine ya kusaga nayo ilikuwa imezimika. Ndicho kipande safi kuliko vyote nilivyorekodi mwaka ule, na mimi, fundi, sikukifanyia kitu chochote.

Tangu hapo nina desturi ambayo wenzangu wanaicheka. Betri zangu hukaa zimejaa, na umeme ukikatika sitoki nje kulalamika na majirani, naita rapa. Mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea vyuma, spika za nganda (baa zetu), vyote vinanyamaza pamoja. Una dakika kumi, pengine kumi na tano, kabla jenereta hazijaanza kuunguruma. Nyimbo mbili za sauti ndogo zinaingia humo. Tena ufanye hivyo kuanzia Mei hadi Septemba. Mvua ikishaanza kugonga mabati, albamu ya mtu anayenong'ona haiwezekani hadi Aprili, labda uwe na dari, na ukiwa na dari hungeniandikia juu ya dola 600.

Sasa hizo nyimbo 22. Chukua karatasi, andika kila wimbo kwa sentensi moja. Wimbo ukikataa sentensi moja, uweke pembeni. Nyimbo mbili zikitoa sentensi ileile, moja ife. Katika tano nilizosikia, tatu zinasema "papa hakuniambia neno". Hiyo ni moja, mudogo wangu, si tatu.

Lakini ule wa minibasi! Pale unapotaja jinsi gari lilivyouzwa kipande kwa kipande, kwanza tairi, kisha redio, kisha milango, hadi kikabaki kiti kimoja cha abiria ambacho mama yako alikiingiza sebuleni na papa akakikalia hadi mwisho. Nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Hapo hukunieleza kwamba moyo wake ulivunjika. Ulinionyesha kiti. Na wimbo huo umeuweka wa 17! Neno "maumivu" nimelihesabu mara 19 katika nyimbo tano. "Kiti" mara mbili, zote katika wimbo huo. Geuza hesabu hiyo. Wimbo wa kiti uje wa kwanza au wa pili, na kila unaofuata uulize: huyu mtu aliyekaa hapa alikuwa anaona nini? Ukifika nyimbo tisa, simama.

Biti za kuchezesha, waachie wenye furaha. Mtafute mzee mmoja anayepiga gita la zamani la huku kwetu, bado wapo, ukiuliza Kamalondo na Likasi utaelekezwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gita Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, alikuta mtu na gita lake, basi. Gita linatembea, sauti inakaa chini kama ya anayeongea na jirani. Hiyo ndiyo mali ya nyumbani kwako. Ila usikate kipande cha rekodi ya zamani ukakiweka kwenye biti bila kuomba. Sheria yetu ya haki za mtunzi ni ya 1986. Wimbo una mwenyewe, na rekodi yake inaweza kuwa na mwenyewe mwingine tofauti, hata kama waliopiga wamekwisha kufa. Kumlipa mzee aje apige ni rahisi kuliko kutafuta warithi wawili katika nchi mbili.

Fedha zako usizimalizie kwenye saa za studio. Kiasi cha theluthi, nunua mikro na kadi ya sauti vilivyotumika, urekodi nyumbani. Chagua mikro ile ngumu ya jukwaani, isiyosikia hadi kuku wa jirani. Godoro lisimame nyuma ya mgongo wako, kwa sababu mikro inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Theluthi nyingine mpe mtu mwenye masikio mengine aimiksi, yaani apatanishe sauti zote. Usiimiksi mwenyewe, utajionea huruma. Iliyobaki ni ya mzee wa gita na ya kutoa.

Kuna jambo hukuuliza. Katika wimbo wa nne unataja deni ambalo, kwa maneno yako, "mama hadi leo hajui". Hiyo si kazi ya fundi wa sauti, lakini ninaijibu: mama yako asije akaisikia habari hiyo kutoka kwenye spika ya nganda. Umwambie wewe, mmekaa, kabla hujatoa chochote. Akikataa, wimbo utabaki kwenye kompyuta, na albamu yako itakuwa na nane.

*Yaya Fundi, mimi ni msichana wa Ruashi, narapu. Mwalimu wangu wa zamani anasema Kiswahili chetu ni kibovu, nitumie sanifu ili nisikike hadi Dar es Salaam. Marafiki wanasema Kifaransa ndicho chenye pesa. Nikiandika sanifu nahisi nimevaa viatu vya mtu. Wewe unasemaje?* – Dada wa Ruashi

Mudogo wangu, mimi mwenyewe katika safu hii naandika sanifu, mhariri ananilipa kwa hiyo. Nyumbani sizungumzi hivi, na mama watoto angenicheka.

Kwa albamu ya kukumbuka, Kiswahili chetu kina chombo ambacho sanifu hakina: ule mkia wa "-aka". "Nilikuwa mtoto" ni taarifa. "Nilikuwaka mutoto" ni kitu kingine: kinaenda mbali, kinaonyesha kwamba siku zile zimefungwa na hazifunguki tena. "Alisemaka", "tulikulaka", "alikwendaka". Bibi akianza hadithi usiku, ndiyo sauti yake. Ukiandika juu ya utotoni bila "-aka", umeacha kalamu nyumbani.

Lakini kalamu hiyo ina mtego. Kiswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la rapu hungojea kina kianzie hapo. Washairi wa pwani walitosheka na silabi ya mwisho kulingana, kwa sababu shairi lao lina mizani inayolibeba. Wewe unabebwa na biti, na biti inamuumbua mvivu. Sasa ukiongeza "-aka", mkazo unahamia kwenye hiyo "a" ya kwanza, kwa hiyo kila kitenzi kinaishia "áka". Alikwendaka, alilalaka, alikunywaka. Mistari kumi na sita yote inapata kina bila wewe kufikiri, na msikilizaji anasinzia kwenye wa sita. Nimewasikia wengi.

Dawa: "-aka" iweke katikati ya mstari, au ikiwa mwisho, iozeshe na jina badala ya kitenzi mwenzake. "Alikwendaka" na "mwaka". "Alivukaka" na "mipaka". Hapo sikio linashtuka. Kwa zoezi, chukua neno la jikoni, "bukari", ulitafutie wenzake: habari, safari, hatari, tayari. Utaona hadithi inaanza kujitunga.

Kuhusu lugha gani: kila mtu katika albamu aongee aliyoiongea. Kama daktari alitoa habari kwa Kifaransa na mama yako akaielewa kwa Kiswahili, basi wimbo uwe hivyo, Kifaransa mistari miwili, baridi, kisha mama. Sijawahi kusikia mtu wa hapa akilia kwa lugha ya ofisi. Baloji, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1978, anarapu kwa Kifaransa kwa sababu alikulia Ubelgiji, na hakuna wa kumdai. Wewe ulikulia Ruashi.

Wa Dar es Salaam usiwahofie. Wazazi wao walicheza nyimbo za Kilingala miaka na miaka bila kuelewa nusu ya maneno. "Nilikuwaka" wataielewa kabla ya kiitikio cha kwanza.

*Fundi, albamu yangu imekwisha, nyimbo kumi za polepole. Anayenifanyia masta, ule umaliziaji wa mwisho wa sauti, anataka aipaze iwe na kishindo kama za Marekani. Halafu nitaiwekaje Spotify?* – Mwana wa Bel-Air

Mwambie aache. Spotify yenyewe husawazisha sauti za nyimbo, kwa kawaida kama LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) 14 chini ya sifuri. Ukiibana albamu hadi ipige kelele, wataishusha, nawe utabaki na mbano tu, kishindo hakipo. Nyimbo za polepole zinaishi kwa tofauti: mahali padogo pawe padogo, ili mahali pakubwa pawe na maana. Isikilize kwenye simu ndogo ya bei ya chini, kwa sauti ya chini, ukiwa kwenye basi. Maneno yakisikika, masta imekwisha.

Kuiweka huko hupeleki mwenyewe moja kwa moja, unapitia kampuni ya usambazaji. Nyingine hudai ada ya kila mwaka, nyingine hukata asilimia. Kabla ya kubonyeza, soma sehemu moja tu: ukiacha kulipa, nyimbo zinabaki au zinaondolewa? Kila rekodi ipate namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha popote, herufi na tarakimu 12, nayo mara nyingi kampuni hiyo hukupa. Uandikishe pia utunzi wako SOCODA, shirika letu la haki za watunzi, na humo mtaje aliyetunga biti na kila aliyeandika mstari, mkiwa bado marafiki. Halafu tengeneza nakala nyepesi ya WhatsApp, maana huku kwetu albamu hutembea kwa simu hadi simu, na ukimwachia kila mtu aibane mwenyewe, ikifika Kasumbalesa, mpakani, itakuwa kama imeimbiwa kwenye ndoo.

*Fundi, mimi ni mama tu, muziki siujui. Nakuandikia kutoka Kampemba. Mwanangu ana miaka 22. Ameegemeza godoro la wageni ukutani, usiku anajifungia, anaongea peke yake, maneno yale yale, tena na tena. Nikimuuliza anasema anatengeneza albamu ya maisha yake. Maisha yake mimi nimo. Juzi nilipita mlangoni nikasikia jina langu. Nina woga.* – Mama

Mama, heshima kwako. Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja: si yule kijana wa barua ya kwanza. Yule ni wa Kenya na wewe una mwanao mwingine kabisa. Wako wengi mwaka huu, sijui ni upepo gani.

Hayo maneno yale yale ni kazi, si wazimu. Mstari mmoja hurekodiwa mara ishirini, thelathini, kisha unachaguliwa mmoja, au unaunganishwa nusu ya huu na nusu ya ule. Mwenye kusikia nje ya mlango lazima aogope, hata mke wangu aliogopa mwaka wa kwanza. Na usiku anauchagua kwa sababu wapangaji wamelala na pikipiki zimepungua. Cha kutazama ni kingine: anakula? Anacheka na wenzake? Mchana anatoka? Vikiwa vyote vitatu vimekoma, usiniandikie mimi, mwite mjomba wake, mwende kwa daktari.

Jina lako, sasa. Nimewarekodi vijana wengi wa namna hii, Mama, na sijakutana na mmoja aliyemtia mama yake katika wimbo kwa ubaya, ijapokuwa wengine wamewatia kwa kutojua. Wanakumbuka siku uliyowachapa; hawajui kwamba siku hiyo nyumba haikuwa na unga. Ana nusu ya hadithi, na nusu nyingine unayo wewe. Huyo Baloji niliyemtaja juu, albamu yake ya kwanza ya peke yake ilizaliwa na barua ya mama yake, waliyekuwa wametengana miaka mingi. Wa kwako yuko nyuma ya mlango tu. Mwambie akusikilizishe, mmoja, anaoutaka yeye. Usikatize hadi mwisho. Halafu umwambie siku ile ilikuwaje.

Na hilo godoro: kama ameliegemeza mbele yake, nyuma ya mikro, mwambie alihamishie nyuma ya mgongo wake, ndiko kazi yake iliko. Atashangaa umejulia wapi, usimwambie. Na usiku huo ukimpelekea chakula, gonga mara moja tu kisha usubiri. Akiwa katikati ya mstari hatafungua mpaka aumalize.